Alama kwenye Mwimo wa Mlango

Wenzangu wa biro,

Siku mliyoniaga kwa soda na mandazi, kijana wetu Léonard aliniuliza ni nani aliyekwaruza alama ile kwenye mwimo wa mlango wa chumba cha vitabu. Mpaka rangi alikuwa amekwisha kufika kwenye dirisha, na alitaka kuiziba alama hiyo kabla ya kupaka. Nilijibu kwamba ni ya zamani, kisha nikaanza kusifu mandazi. Sikuwa na ujasiri wa kusema kweli nikiwa na sahani mkononi. Nasema sasa, kwa maandishi, maana kuandika ndiyo kazi pekee niliyoifanya maisha yangu yote, na ndiyo niliyoitumia kutenda ubaya.

Alama ile ni yangu mimi.

Niliingia katika biro ya cité yetu, ofisi ya kuandikisha watu wa mtaa huu wa weusi, nikiwa kijana niliyetoka seminari ndogo. Mapadre walinivumilia miaka mitatu, kisha wakaona kwamba mtu anayebishana vile anafaa zaidi kwa serikali. Siku ya kwanza nilipewa kiti chenye mguu mmoja mfupi, kichupa cha wino wa zambarau, kalamu ya kuchovya na karatasi ya kukaushia. Niliambiwa kwamba wino ukidondoka kwenye daftari kubwa nitakwenda nyumbani. Ulidondoka kabla ya saa nne. Aliyeniokoa alikuwa karani mkuu wa weusi, Baba Ramazani, mtu wa Kasongo, Mwislamu mwenye kofia nyeupe isiyopata doa hata moja la zambarau. Alilifuta lile tone kwa wembe, taratibu, kama mtu anayemnyoa mtoto mchanga, kisha akaniambia nichovye nusu ya ncha tu.

Kazi yetu ilikuwa kuwaandika watu: nani ameingia katika cité, nani ametoka, nani analala nyumba gani, nani ameoa, nani amekufa. Hayo yote yalikuwa rahisi. Kilichotushinda kilikuwa umri. Watu wachache sana walikuwa na karatasi ya kuzaliwa. Wengine walizaliwa njiani mama akimfuata mumewe kwenye kazi ya reli, wengine katika kambi za wachimba shaba, wengine katika vijiji ambavyo hakuna aliyeandika chochote. Na kwa mvulana, umri ulikuwa kila kitu. Kabla ya miaka kumi na sita aliandikwa katika kitabu cha kitambulisho cha mzazi wake, na alikaa mjini maadamu mzazi anakaa. Akitimiza kumi na sita, alitakiwa kuwa na kitabu chake mwenyewe chenye muhuri wa kazi. Asiye na muhuri aliitwa mtu wa bure, na mtu wa bure alirudishwa kijijini kwa baba yake, hata kama yeye alizaliwa hapa Élisabethville na kijiji hicho hajawahi kukiona.

Baba Ramazani alinifundisha namna ya kutafuta umri. Kwa watoto wadogo, alipitisha mkono wa mtoto juu ya kichwa kuona kama vidole vinafika sikio la upande wa pili. Kwa wakubwa aliangalia meno na kusikiliza sauti. Lakini yeye mwenyewe hakuyaamini hayo. Alisema mwili unasema uongo, kuna mtoto anayekomaa mbio na kuna anayechelewa. Alichokiamini ni daftari dogo lenye jalada la kitambaa, alimokuwa ameandika miaka yote anayoikumbuka na jambo moja la kila mwaka: mafua makubwa yaliyoua watu, nzige, mvua iliyochukua daraja, mwaka ambao kazi zilikufa na watu wakarudishwa vijijini kwa maelfu. Alimwita mama wa mtoto, akampa kiti, akamuuliza: wakati wa nzige, huyu alikuwa anatambaa au anatembea? Alikuwa amekwisha acha ziwa? Nani alimbeba siku mlipohama? Mama alikumbuka, akabisha, akalia kidogo, akakumbuka zaidi. Mzee akahesabu kwa vidole. Nusu ya asubuhi ilikwisha kwa mtoto mmoja.

Alipobaki na shaka kati ya miaka miwili, aliandika ule mdogo, siku zote. Nilimuuliza kwa nini, maana seminari ilikuwa imenifundisha kupenda ukweli. Alinijibu bila kuinua macho:

"Mwaka mumoja hauna uzito ku serikali, mwanangu. Ku mutoto iko na uzito."

Njia yake iliwanasa hata wajanja. Fundi cherehani mmoja alikuja kuomba apunguziwe miaka kumi, kwa sababu alikuwa anaposa binti mdogo. Mzee hakukataa. Alimuuliza kwa upole alikuwa wapi wakati wa mafua makubwa. Fundi akaanza kueleza jinsi alivyowazika wajomba zake wawili, jinsi alivyochimba mwenyewe, jinsi mke wake wa kwanza alivyopika uji wa matanga. Hapo akatambua anachosema. Akachukua kofia yake, akatoka, na hatukumwona tena.

Miaka ya vita, macho ya Baba Ramazani yaliharibika. Alianza kusoma kwa kugusa karatasi na pua, kisha akaacha kazi. Aliniachia lile daftari la kitambaa. Aliniambia maneno machache tu: nisiwe na haraka na watoto wa watu. Nilimwitikia kwa heshima, nikaliweka daftari katika mtoto wa meza, droo ya upande wa kushoto, na kwa miaka kadhaa sikulitoa.

Nina udhuru, nao nitautaja ili msifikiri nauficha. Vita ilitaka shaba, na shaba ilitaka watu. Msitari mlangoni kwetu ulizunguka nyumba na kufika barabarani. Tulipata mkubwa mpya, Mzungu tuliyemwita Bwana Saa, kwa kuwa alikusikiliza huku akiangalia mkono wake. Hakuwa mtu wa kupiga wala kutukana. Alitaka tu msitari uishe kabla ya adhuhuri. Asubuhi moja nilisimama kwenye mwimo wa mlango, mgongo umenyooka, nikaweka rula juu ya kichwa changu, nikamwambia tarishi akwaruze kwa kisu pale rula ilipogusa. Mimi ni mtu mzima, niliwaza, na ni mfupi kuliko wanaume wengi. Kwa hiyo mvulana anayenizidi kimo hawezi kuwa mtoto. Elimu yangu yote ilikuwa hiyo.

Msitari uliisha kabla ya adhuhuri. Bwana Saa alikuja kuitazama alama, akaigusa kwa kidole, akasema ni jambo la akili. Nilifurahi, na furaha hiyo naikumbuka vizuri zaidi kuliko nyuso za wale niliowapima. Wavulana walijifunza haraka kukunja magoti. Nami nilijifunza haraka kumweka tarishi awasukume magoti kwa fimbo.

Sasa niwaambie juu ya vijana wa bomba.

Katika cité yetu, bomba la maji lilikuwa moja kwa barabara nne. Mbele yake palikuwa na ukuta mfupi wa matofali, na juu ya ukuta huo, kila asubuhi, walikaa vijana watano au sita. Kofia zimelala upande mmoja, miguu inaning'inia, na kila mara mmoja wao alipiga mluzi. Hawakuwapisha watu wazima haraka. Mmoja alikuwa mrefu sana, mwembamba kama nguzo ya simu, jina lake Donati. Baba yake alikuwa amekufa kwenye tanuru la shaba, na mama yake aliuza mihogo ya kuchemsha. Mwingine, mfupi, mcheshi, mtoto wa Wabemba, aliitwa Mwape. Wengine sikuwajua majina, wala sikuona haja ya kuyajua.

Wakati ule nguo zilikuwa zinapotea kwenye kamba, na kuku vilevile. Sisi wanaume, tukikaa jumapili baada ya misa, tulikuwa na hakika moja: ni vijana wa bomba. Mmoja alisema wanavuta bangi. Mwingine alisema mluzi ule ni alama ya kuambiana nyumba gani haina mtu. Mimi nilisema kizazi hiki kimeoza, na kwa kuwa nilikuwa karani, maneno yangu yalionekana kama yametoka katika kitabu. Hakuna aliyemkamata hata mmoja wao na kuku. Hatukuona kwamba hilo linapunguza hakika yetu.

Bwana Saa alipotaka majina ya watu wa bure katika cité, hakuniambia niwatafute vijana wa bomba. Ni mimi niliyemtuma kapita, msimamizi wa cité, akawalete.

Walikuja watano. Wanne walikuwa chini ya alama, nikawafukuza kwa karipio. Donati aliipita kwa vidole vitatu. Hakukunja magoti. Tarishi alimsukuma kwa mazoea tu, akakuta miguu imenyooka kabisa. Nilimuuliza umri, akasema hajui vizuri, mama yake ndiye anajua. Nilimuuliza kazi yake.

"Tunachungaka maji," alisema.

Watu katika msitari walicheka, na mimi nikacheka. Nilimwambia maji hayana miguu ya kukimbia. Aliniangalia usoni, hakushusha macho kama inavyotakiwa mtoto mbele ya mkubwa, na nilichukua hilo kuwa ushahidi wa pili baada ya kimo. Niliandika: miaka kumi na sita, hana kazi. Mkono wangu ulikuwa mzuri siku hizo. Nambari sita ilikaa vizuri sana kwenye mstari.

Mama yake alikuja kabla wino haujakauka. Bado alikuwa na kitambaa cha kushikia sufuria begani. Alipiga goti, kama wanavyofanya wanawake wa kwetu mbele ya mtu wanayemwomba, nami sikumwambia ainuke.

"Baba karani, huyu mutoto nilimuzala mwaka kazi ilikufa. Kule Kipushi. Kadi yake ya ubatizo iko ku Mapadri ya kule. Munipatie siku mbili, niende kuileta."

Mwaka kazi zilikufa. Lile jambo lilikuwa katika daftari la Baba Ramazani, na mtoto wa meza ulikuwa unagusa goti langu. Ningeweza hata kuhesabu bila daftari, maana mwaka ule niliuishi, niliandika mwenyewe majina ya waliorudishwa. Ilitosha vidole. Lakini nilimwambia majina yamekwisha kupanda kwa mkubwa. Hayakuwa yamepanda. Karatasi ilikuwa mbele yangu, chini ya kiwiko changu, na yeye hakujua kusoma.

Alikwenda Kipushi hivyo hivyo, kwa miguu.

Siku ya pili yake, jumanne, lori lilimchukua Donati pamoja na watu wengine hadi kambi ya kungojea karibu na stesheni. Treni ya kwenda kaskazini ilikuwa ya jumamosi. Nawaomba mshike siku hizo akilini, kwa sababu mimi sikuweza kuziachilia tena.

Jumatano asubuhi nilikosa maji ya kuoga. Nilimwita mke wangu, Mama Honorine, nikamkaripia. Alikuwa amesimama uani na ndoo tupu. Alisema amekwenda bombani, akakuta wanawake wanagombana, ndoo zimepinduliwa, hakuna anayejua zamu ya nani, na mjamzito mmoja ameanguka. Nilimuuliza hayo yanatokana na nini. Akanitazama kama mtu anayeangalia mgeni nyumbani mwake.

Ndipo alipoeleza. Wanawake walikuwa wanapanga ndoo zao alfajiri, kisha wanarudi kuwasha moto na kuwavika watoto. Wale vijana walichunga msitari wa ndoo. Kila nyumba ilikuwa na mluzi wake. Zamu ya nyumba ilipokaribia, walipiga mluzi wa nyumba hiyo, na mwanamke alitoka. Wazee na wajawazito walipelekewa maji hadi mlangoni. Wakipewa kiazi, walishukuru. Wasipopewa, walikuja tena kesho yake. Aliyepanga jambo hilo lote alikuwa Donati, tangu siku mama yake alipochomwa mguu kwa maji ya moto na kushindwa kusimama msitarini. Bila yeye, wenzake walikuwa wameacha kuchunga.

Nilimwambia hakunieleza.

"Haukuuliza," alisema. Kisha akaweka ndoo chini. "Miaka miwili, kila asubuhi unaoga. Ulikuwa unaoga na maji ya nani?"

Mluzi wa nyumba yetu, aliniambia baadaye, ulikuwa sauti mbili fupi na moja ndefu. Nilikuwa nimeusikia kila siku nikivaa shati, na kila siku nilikuwa nimelaani.

Kwa hiyo, alhamisi mama yake Donati alipoingia bironi, viatu mkononi, vumbi jekundu hadi magotini, mimi nilikuwa najua. Msinihesabie ujinga. Aliweka kadi juu ya meza. Ilikuwa imeandikwa na padre kwa mwandiko safi, na tarehe ilikuwa wazi. Mtoto alikuwa na miaka kumi na mitatu na miezi michache.

Kulikuwa na siku mbili. Kulikuwa na simu katika chumba cha Bwana Saa, hatua kumi kutoka kwenye kiti changu.

Nilimwambia mama aniachie kadi, nitaona.

"Utaona lini, baba?"

Nikasema upesi.

Alipotoka nilifungua mtoto wa meza, nikaiweka kadi chini ya daftari la kitambaa, nikafunga. Nitawaeleza nilichokuwa nawaza, kwa kuwa ninyi nanyi mna meza zenye droo. Niliwaza hivi: kama huyu ni mtoto, basi alama si kweli. Kama alama si kweli, wako wapi wale wengine wote niliowapima kwa miaka mitatu? Bwana Saa ataniuliza, na sitakuwa na jibu. Halafu niliwaza mambo mazuri. Kwamba kijijini ana baba wadogo. Kwamba hewa ya kule ni safi. Mtu anayetenda vibaya hukosa usingizi, lakini hakosi sababu.

Jumamosi treni iliondoka.

Wiki iliyofuata, vijana wanne waliobaki walihama ukuta wa bombani. Walikuja kukaa kwenye ukuta wa mbele ya biro yetu, kwa zamu, wawili wawili. Hawakupiga mluzi. Nilikuwa na hakika watanirushia mawe, nikamwomba kapita akae karibu. Siku ya tatu, adhuhuri, Mwape alivuka barabara na kuja hadi mlangoni. Nilishika rula kwa mkono wa kulia. Yeye alivua kofia.

"Baba karani, Donati balimupeleka wapi?"

Nilimuuliza anataka nini na habari hiyo.

"Juu hajue Kiluba. Anajua kusalimia tu. Akimaliza kusalimia, atasema nini na bantu?"

Ndicho kilichowaleta kwenye ukuta wetu: kungojea siku nitakayokuwa peke yangu, ili waniulize bila kuniaibisha. Nilimpa jina la wilaya na jina la chifu. Nilijisikia nimefanya wema. Alirudia majina mara mbili ili ayashike, akaniambia asante, akavaa kofia.

Baada ya hapo Mwape hakuonekana. Waliobaki walirudi bombani, na ndoo zikarudi kwenye msitari. Mke wangu alinieleza kwamba mama yake Donati anapelekewa maji ya kwanza kabla ya nyumba zote. Nguo zilizidi kupotea. Mwizi alipokamatwa alikuwa mlinzi wa ghala moja, mtu wa miaka arobaini, mwenye mke, mwenye kitabu kamili. Muhuri ndani yake nilikuwa nimeupiga mimi. Jumapili baada ya misa hakuna aliyelizungumza jambo hilo. Tulizungumza juu ya mvua.

Mvua zilikuwa zinakaribia kwisha aliporudi Mwape. Polisi walimkamata stesheni, akishuka kutoka kwenye behewa la makaa, bila ruhusa ya safari, na kwa kuwa hakuwa na kitabu walimleta kwangu nimwandike umri. Alikuwa amekonda mpaka masikio yalionekana makubwa. Begani alikuwa na shati lililokunjwa, refu kuliko yeye. Sikumtambua mpaka aliponiita Baba karani.

Polisi alingojea nje. Nilimwambia Mwape akae kwenye kiti, kile ambacho Baba Ramazani alikuwa anawapa akina mama. Nilimuuliza kama alifika.

Alifika. Ilimchukua zaidi ya miezi miwili, behewa hadi behewa, kisha kwa miguu. Alimkuta chifu, na chifu hakuwa mtu mbaya. Alimwonyesha karatasi iliyokuja pamoja na Donati. Baba mdogo wa Donati alikuwa amesema kwamba huyu ni mtoto, aangaliwe tu, hana hata ndevu. Lakini wilaya ilikuwa inatengeneza barabara, kila kijiji kilitakiwa kutoa wanaume, na hesabu ilikuwa imepungua mmoja.

"Balimupatia kazi ya banaume," Mwape alisema, "juu karatasi ilisema iko mwanaume."

Alibeba mawe wiki nane. Kisha tumbo la damu likamkamata, yeye na wengine. Wengine walikuwa wanaume kweli, wakapona. Mwape alifika siku sita baada ya maziko. Walimpa lile shati.

Aliyasema hayo bila kupandisha sauti. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na mpaka leo nadhani matusi yangenisaidia. Nikachovya kalamu, maana polisi alikuwa anakohoa mlangoni. Nilimuuliza umri wake.

"Andika ile unataka," alisema. "Weye ndiye unajua."

Nilifungua mtoto wa meza. Nilitoa daftari la kitambaa, mbele yake, na nikaanza kumuuliza: wakati wa kuhamia cité alikuwa ameacha ziwa? Nani alimbeba? Alijibu kwa uchovu. Nilipata shaka kati ya kumi na tano na kumi na sita. Niliandika kumi na nne. Watoto hawafungwi kwa safari bila ruhusa. Polisi alimtazama, akanitazama, akamwachilia.

Kadi ilikuwa imebaki chini, peke yake, katika mtoto wa meza.

Niliipeleka kwanza kwa Bwana Saa. Nilimweleza kila kitu, na kwa mara ya kwanza hakuangalia mkono wake. Aliuliza wako wangapi wengine kama huyo. Nikasema sijui. Akasema kwamba kwa hiyo ni afadhali tusianze, na akanirudishia kadi. Sikumchukia. Alikuwa amesema kwa sauti lile nililolifanya mimi kimyakimya.

Jioni, kabla jua halijazama, nilikwenda kwa mama yake Donati. Mwape alikuwa amekwisha kufika. Shati lilikuwa juu ya kamba, limefuliwa, linadondosha maji. Vijana wengine walikaa chini kando ya ukuta. Waliinuka kunisalimu. Hata siku ile waliinuka.

Sikukaa. Nilimwambia mama kwamba siku ile majina yalikuwa bado mezani kwangu. Nilimwambia kwamba aliporudi na kadi, treni ilikuwa bado haijaondoka, na mimi nilikuwa najua. Nilisema yote kwa kufuata siku, jumatatu hadi jumamosi, kama ninavyofanya hapa. Nilimnyoshea kadi kwa mikono miwili.

Hakuipokea.

"Soma," alisema.

Nilisoma jina, jina la baba, jina la mama, mahali, na tarehe.

"Soma tena."

Nilisoma tena. Alingojea mpaka nikamaliza. Kisha akachukua kadi, akaifunga ndani ya kitenge chake, akafunga fundo.

"Sasa umeisoma," alisema, na akaingia ndani.

Hakuniambia neno lingine hadi alipohama cité. Kila asubuhi vijana walipiga mluzi wa nyumba yetu, sauti mbili fupi na moja ndefu, na mke wangu alitoka na ndoo. Hawakuiruka nyumba yetu hata siku moja. Nilingoja wairuke. Ingekuwa haki yao.

Tangu hapo sikutumia alama tena. Nilitumia daftari, nikaongeza ndani yake miaka iliyofuata, na msitari ukarudi kuzunguka nyumba. Wakubwa walilalamika. Wenzangu wa wakati ule waliniita karani wa watoto, na nilisikia tarishi akisema kwamba mbele yangu hata mzee wa meno ya kuanguka anapata miaka kumi na tano. Ni kweli nilikosea mara nyingi kwa upande huo. Kuna wanaume wazima katika mji huu ambao kwa maandishi yangu bado ni vijana, na wananilaumu kila wanapofikiria kustaafu. Makosa hayo nayabeba bila uzito.

Daftari sasa liko kwenu, katika mtoto wa kushoto. Mnaponiambia, kama mlivyoniambia siku ya soda, kwamba vijana wanaokaa mbele ya duka la baiskeli ni wahuni, sitabishana. Sijui wanafanya nini pale. Nanyi hamjui, kwa sababu niliwauliza ninyi, na hakuna aliyekwisha kuvuka barabara kuwauliza wao.

Jambo la mwisho. Siku ile, mlipotoka kwenda kuosha glasi, nilibaki peke yangu chumbani, na sijui ni kitu gani kilinisukuma, niliegemea mwimo wa mlango kama zamani, mgongo umenyooka kadiri unavyoweza kunyooka baada ya miaka yote ya kuinamia daftari. Léonard alirudi kuchukua kofia, akanikuta. Alicheka, akaweka kiganja chake juu ya kichwa changu, akapima.

"Baba, haufike tena," alisema. "Inakupita vidole viwili. Uko mutoto."

Kisha nilikwenda dirishani kumwambia mpaka rangi aiache alama, asiizibe.